Misumari Miwili Juu ya Dari

4 Februari

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu unaisikia nusu, na hiyo nusu unaibishia.

Kwenye harusi ya binamu uliwaambia watu kwamba kazi yangu ni kupiga picha nyumba. Sikukusahihisha mbele ya wageni, lakini leo nakusahihisha. Tuna mashine ya leza yenye ukubwa wa sufuria ndogo, inasimama juu ya miguu mitatu. Sisi tunaiita Popo, maana hata gizani inaona. Kichwa chake kinazunguka kikirusha mwale wa mwanga, mwale unagonga ukuta na kurudi, na mashine inajua ukuta uko umbali gani. Kila unapogonga ni nukta moja. Katika dakika nne inapata nukta mamilioni, kisha tunaihamishia chumba kinachofuata. Mwisho wa siku chumba kizima kiko ndani ya kompyuta, kama kilichomwagiwa unga halafu kuta zikaondolewa, unga ukabaki umesimama.

Hapo ndipo ninapoingia. Kompyuta haijui ukuta, haijui mlango, inajua nukta tu. Mimi ndiye ninayekaa na kusema: hizi ni ukuta, hizi ni nguzo, hizi ni ngazi. Ninajenga jengo upya bila mfuko hata mmoja wa saruji.

Wiki iliyopita nilikuta chumba kisichojulikana na mtu yeyote katika zahanati moja. Kina mlango, kina sinki, kiko nyuma ya choo. Nilikitafuta saa nzima nikigonga kuta kwa kifundo cha kidole. Kumbe ni kioo cha chooni, mwale uliingia ukadanganyika. Na mama wa usafi aliyepita na ndoo ametoka vipande saba, hana kichwa.

Sasa swali, maana wewe ndiye uliyenipa jina la Bi Maswali. Bosi wetu ana kanuni: kitu chochote kikikosana na mchoro wa zamani kwa chini ya sentimita kumi na mbili, ninyooshe. Anasema hakuna anayejenga ukuta uliopinda kwa makusudi, na mteja hapendi kuona majengo yake yamelewa. Nanyoosha, lakini mkono unasita. Wewe umejenga miaka arobaini. Unasemaje?

Mwanao,
Bi Maswali

11 Februari

Bi Maswali,

Marahaba. Mwambie bosi wako, kwa heshima zote asizostahili, kwamba anachokifanya si upimaji. Ni kumpaka maiti poda.

Mchoro ni kile mchoraji alichotamani akiwa amekaa kwenye kiti. Jengo ni kile mafundi walichokifanya wakiwa wamesimama juani. Hivi viwili havijawahi kufanana tangu dunia ianze, na anayetaka kujua jengo litasimama au litaanguka hana haja na matamanio ya mchoraji. Mmetengeneza mashine inayoona kila kitu, halafu mmemweka mtu pembeni wa kuifumba macho. Mlinunua ya nini? Mngemuuza Popo wenu, mkanunua rula.

Na hiyo sentimita kumi na mbili, nani aliipima? Ilishuka kutoka mbinguni? Nimesoma vitabu vya ujenzi vya watu wa mataifa matatu na sijakutana nayo popote.

Unajua methali ya ufa na ukuta. Walioitunga hawakuwa waashi. Fundi hakimbilii kuziba ufa. Anakaa mbele yake, anauliza umetoka wapi, umeanza lini, unakwenda wapi. Akishajibiwa ndipo anashika mwiko. Wanaoziba kabla ya kuuliza ndio waliotujengea lile daraja ambalo nimeliandikia gazeti barua nne. Hawajachapisha hata moja. Ya tano iko mezani.

Kupinda ni habari. Ukiinyoosha umeifuta, na mtu wa kesho atakayekufa chini ya ukuta huo utakuwa umemficha barua yake. Usinyooshe hata milimita. Ukinyoosha, usiniandikie.

Msalimie shemeji yangu. Mguu wangu unaendelea, ingawa unaendelea polepole.

Baba yako mkubwa

20 Februari

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kwa sauti ofisini, ila ile ya maiti na poda niliiruka, bado nahitaji mshahara. Bosi alikuna kidevu, akasema kwa kazi hii tuliyopewa sasa nisinyooshe kitu mpaka tujadiliane. Umeshinda.

Na kazi yenyewe sasa. Kaa chini kwanza. Ni maktaba, ile uliyoisimamia wewe, ambayo marehemu baba alijenga ukuta wake wa kaskazini ghorofani.

Tumeweka Popo sehemu arobaini na moja. Mkutubi alitufuata kila chumba na orodha ya vitabu akidhani tutaiba. Ametoka vipande kumi na viwili, na katika vyote amekunja uso.

Ukuta wa baba umekosana na mchoro. Upande wa magharibi umekaa sawasawa juu ya ule wa chini. Upande wa mashariki umeingia ndani sentimita kumi. Kwa nje hauonekani kwa sababu ya ule mkanda wa zege uliotokeza. Mhandisi wa manispaa alipoona nukta zetu aliuliza: umesogea, au ulizaliwa hivi? Kama unasogea, ghorofa yote inabomolewa kabla ya mvua, na hakuna fungu la kuijenga tena. Ametupa mpaka tarehe 15 Aprili.

Nyumbani tumekua tukiuita ukuta wa baba, kwa sauti ya chini, kama jina la ugonjwa. Najua alifukuzwa kazi kwa ajili yake. Mama mpaka leo akienda sokoni anazunguka mtaa wa pili asipite pale. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia kilitokea nini hasa, na sasa nina sababu ya kuuliza ambayo si umbea. Siku ya kwanza ulikuwaje?

Mwanao,
Bi Maswali

24 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimepata barua yako.

Mambo ya miaka ishirini na tisa siyakumbuki vizuri. Ukuta ni ukuta. Sentimita kumi kwa jengo la umri ule si kitu, na bosi wako ana uzoefu, bila shaka kanuni yake ina sababu. Inyooshe tu ufuate mchoro, jengo libaki na watu waendelee kusoma.

Mama yako usimsumbue na habari hizi.

Baba yako mkubwa

1 Machi

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako niliigeuza nyuma kuona kama kuna ukurasa mwingine. Kisha niliangalia mwandiko, kwa kuwa nilidhani umemwachia jirani aandike. Ni wako.

Siku kumi na tatu kabla yake uliniambia nisinyooshe hata milimita, la sivyo nisikuandikie. Sasa ninyooshe kumi kamili. Sikusuti, Baba Mkubwa, nashangaa tu. Wewe hujawahi kukubaliana na bosi yeyote, hata wako mwenyewe.

Isitoshe haiwezekani. Mhandisi ameshaziona nukta, na nikimpelekea ukuta ulionyooka kama mchoro atauliza ile kumi nimeipeleka wapi.

Kuna jambo linaninyima raha, hata kazi nyingine siziwezi. Nimeukata ukuta ule vipande kwenye kompyuta kama mkate, kila nusu mita, kutoka sakafuni hadi juu. Ukuta unaosogea unalala, chini hivi na juu vile. Huu haulali. Umesimama wima kama mwanajeshi. Umeanza kumi sakafuni na umefika kumi juu. Na kwa nini iwe kumi? Ardhi ikisukuma jengo haijui kuhesabu, ingesukuma saba na kitu, au kumi na tatu na kitu. Hii ni kumi, pungufu ya milimita moja.

Nimemweleza mhandisi. Anasema hoja ni nzuri lakini nukta zinaonyesha leo, hazionyeshi jana. Anataka karatasi iliyosainiwa na mtu aliyekuwepo, iseme ukuta ulijengwa hivyo tangu mwanzo. Kumbukumbu za mkandarasi ziliungua, na aliyebaki hai ninayemjua ni wewe peke yako.

Mwanao,
Bi Maswali

9 Machi

KWA YEYOTE ANAYEHUSIKA

Mimi niliyetia saini hapa chini nilikuwa msimamizi wa mafundi katika ujenzi wa maktaba. Nathibitisha kwamba ukuta wa kaskazini ghorofani ulikosewa siku ulipoanzwa, na haujasogea tangu hapo. Kosa liligundulika wakati wa kupandisha kenchi za paa, ambazo upande wa mashariki zilizidi ukuta kwa sentimita kumi. Mwashi aliyehusika alivuta uzi vibaya, na aliondolewa kazini.

Msimamizi

Bi Maswali, hiyo ndiyo karatasi mnayoitaka. Mpe mhandisi, jengo litapona. Baba yako alikuwa fundi mzuri, na fundi mzuri hukosea mara moja. Tuliache hapo.

18 Machi

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Karatasi yako iko kwenye droo yangu. Sijaipeleka. Nitakueleza kwa nini, na nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho hata kama chai itapoa.

Ilipofika nilifurahi, nikachukua bahasha. Halafu nikakwama kwenye maneno "alivuta uzi vibaya". Nilitaka kuuona huo uzi. Najua umeshaoza, lakini nilijiuliza mtu akivuta uzi vibaya inakuwaje: unalegea? Unakamatwa na tofali katikati? Basi ukuta ungekuwa na tumbo mahali fulani. Nikarudi kwenye nukta. Hauna tumbo.

Jumatatu nikamwomba mkutubi ngazi. Ubao mmoja wa dari kule mashariki umeoza ukaanguka, nikapanda nikamwingiza Popo juu ya dari, mahali ambapo hakuna plasta na ambapo hakuna mtu aliyeingia tangu nyinyi mtoke. Mkutubi alinishikia ngazi akinihesabia dakika. Niliposhuka nilikuwa na vumbi mpaka kwenye meno.

Kwenye nguzo ya magharibi kuna msumari umetokeza kama sentimita nne, umekunjwa juu kidogo. Kwenye nguzo ya mashariki kuna mwenzake. Ni misumari ya kufungia uzi. Nikachora mstari kwenye kompyuta kutoka msumari hadi msumari, nikalinganisha na ukuta. Mita kumi na nne za ukuta, na hakuna mahali matofali yanapoachana na mstari huo kwa zaidi ya milimita tatu. Bosi mwenyewe aliita wenzake waje waone. Alisema kwa maisha yake yote hajawahi kuona ukuta umejengwa sawa namna hiyo.

Uzi haukuvutwa vibaya, Baba Mkubwa. Msumari wa mashariki ndio uliokaa sentimita kumi ndani.

Nikiwa darasa la sita ulinifundisha uani kwako, tukijenga banda la kuku. Nilichukua nyundo nikataka kupigilia msumari wa uzi, ukaninyang'anya. Ulisema: mwashi hagusi msumari, msumari ni wa msimamizi, mwashi anafuata uzi tu, hata ukimpeleka mtoni. Nilicheka sana ile ya mtoni.

Sina ninachokijua zaidi ya hapo. Nina misumari miwili na kumbukumbu ya banda la kuku. Kama kuna jambo jingine silioni, niambie, nitaamini. Karatasi yako ingeokoa jengo, hilo nalijua, na siku zinakwisha. Lakini ningelazimika kuiandika ndani ya modeli, lile jengo la kwenye kompyuta, kwa mkono wangu mwenyewe: mwashi alikosea. Na nukta zinasema hakukosea.

Ulisema kupinda ni habari. Nimekaa mbele yake kama ulivyoniagiza, nikauliza umetoka wapi.

Mwanao,
Bi Maswali

4 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimeianza barua hii mara tano. Mara ya kwanza nilikutukana, mara ya pili nilimtukana Popo. Ya tatu na ya nne nilieleza jinsi mkandarasi alivyokuwa mwizi, na alikuwa mwizi kweli, lakini hakuiba hizo sentimita kumi.

Tulikuwa na tepu moja ya chuma. Ncha yake ililiwa na kutu, tukaikata, ikawa inaanzia kumi. Kiwanja kizima walijua: ukipima kwa tepu ya msimamizi, ongeza kumi. Ukitaka mita nane na arobaini, soma nane na hamsini. Niliomba tepu mpya, hawakuleta, nami nilikuwa mkaidi, nikasema fundi wa kweli hashindwi na kutu.

Siku ile nilipima magharibi vizuri kutoka ukuta wa kusini, nikapigilia msumari. Nikaenda mashariki. Pale chini dereva wa lori la mchanga alikuwa anabishana na mlinzi, na mimi, unanijua, ubishi ukipita bila mimi naona nimeibiwa. Nikawa nawajibu kutoka juu huku nashika tepu. Walikuwa wanabishana kama nyangumi ni samaki. Nilishinda. Nikasoma nane na arobaini, nikapigilia. Kisha nikapandisha misumari ya juu kwa timazi, yote kwa ustadi, yote mahali pasipo pake. Nilipima mara moja tu. Mimi, ninayewaandikia magazeti kuhusu madaraja ya wengine.

Baba yako alifuata uzi. Kenchi zilipozidi, mchoraji akaja amevimba, akauliza ni nani. Kila mtu alinitazama mimi. Nikanyoosha kidole kwa mdogo wangu.

Nilijiambia ni ndugu, nitamtafutia kiwanja kingine. Sikumtafutia. Nani angemchukua? Jioni ile alikuja, alikuwa ameshapima upya kwa tepu ya kuazima. Akasema, "Kaka, ni msumari." Hakusema kwa hasira, ndiyo shida yake. Nikamwambia, "Mimi nina watoto watano mezani. Wewe wa kwako bado yuko tumboni." Akanitazama, akachukua pimamaji yake akaondoka. Akatengeneza baiskeli mpaka alipokufa, hakulitaja tena, hata kwa mama yako, nadhani. Kila sikukuu alikuja kwangu, akanisalimu shikamoo kaka, akala. Mimi nikazidi kuandika magazetini.

Huyo aliyekuwa tumboni ndiye aliyepanda ngazi.

Nilipokwambia unyooshe sikuwa nimesahau barua yangu ya kwanza. Niliikumbuka neno kwa neno. Nimekaa mezani nikijua kwamba mtu niliyemtukana pale, yule anayepaka maiti poda, anaishi nyumbani kwangu, anavaa viatu vyangu.

Ile karatasi ichane. Ndani ya bahasha kuna nyingine, imesainiwa mbele ya wakili, na humo hakuna neno mwashi ila mahali pamoja: "Mwashi alifuata uzi kikamilifu." Nimetumia pia kifurushi. Ni tepu yenyewe. Sijui kwa nini niliitunza. Nadhani mtu huweka kitu kama hicho akingoja aulizwe, na hakuna aliyeuliza mpaka wewe.

Umwambie mama yako au usimwambie, nakuachia. Hapana. Hilo nalo ni kukimbia. Mwambie. Au nitamwandikia mimi.

Baba yako mkubwa, kama bado unaniita hivyo

17 Aprili

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Bado nakuita hivyo. Sijui kama nimekusamehe, nakuambia ukweli, bado napima. Kuna saa nakuonea huruma, na kuna saa nakumbuka zile sikukuu naona moto.

Mhandisi alisoma karatasi yako, akashika tepu, akaivuta, akaona inavyoanzia kumi. Aliirudia mara tatu kama mtoto aliyepewa kichezeo. Halafu akasaini. Maktaba haibomolewi. Wataongeza vyuma viwili upande wa mashariki chini ya sakafu, basi.

Modeli tumeikabidhi juzi. Ukuta uko kama ulivyo, haukunyooshwa. Ukiubofya, yanatokea maneno niliyoyaandika mimi: "Umejengwa hivi tangu mwanzo. Kipimo cha mashariki kilipungua sentimita kumi. Mwashi alifuata uzi kikamilifu." Bosi aliuliza kama maelezo marefu hivyo yana lazima. Nikamwambia yana lazima, akanitazama usoni, akaacha. Ile kanuni yake ya kumi na mbili ameishusha hadi mbili. Usiringe.

Mama nilimsomea barua yako Jumapili, yote, hata ile ya nyangumi. Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja mpaka zikaisha, akaanza kukunja zilizokunjwa. Kisha akaingia chumbani, akatoka na pimamaji ya baba ambayo imekaa dirishani miaka tisa, akasema, "Nipeleke."

Tulipita mtaa ule ule anaoukwepa. Mkutubi alitaka kumwuliza kadi ya uanachama, akamwona uso, akamfungulia. Ghorofani mama alisogeza kiti kimoja, akasimama kwenye kona ya magharibi, akafumba jicho moja na kutazama ukuta kwa urefu wake wote, kama alivyokuwa akitazama baba hata akining'iniza kalenda. Alikaa hivyo muda mrefu. Watu wawili waliokuwa wanasoma waliacha kusoma.

"Mbona umenyooka?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, umenyooka.

"Miaka yote hii nilidhani umepinda," akasema. "Hata sikuwahi kuja kuutazama."

Aliweka pimamaji ukutani, akangoja kile kipovu kitulie, kikatulia katikati. Hakulia. Njiani kurudi alinipa ujumbe wako, nami nauandika kama alivyousema: "Mwambie shemeji nimechoka na barua zake. Kama ana la kusema, aje na mguu wake huo huo mbovu, nitampeleka pale, asimame kwenye kona ile, afumbe jicho moja."

Basi la asubuhi linafika saa tano. Nitakuwa kituoni.

Mwanao,
Bi Maswali